Walivyomfufua Mama Povu

Parkdale, Toronto
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote naulizia goti lako, maana kaka Kassim ameniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kuchuchumaa na kufua mwenyewe, na daktari alikukataza mbele yake. Tafadhali Mama, mwachie mkewe Kassim zile shuka nzito. Na lile jino lililokuwa linakusumbua, umeling'oa au bado unalituliza kwa karafuu? Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Nasra amenipita kwa urefu, anakula kama mtu aliyetoka shamba, na bado ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri halafu anakujibu kwa Kiingereza. Baridi imeanza kulegea. Theluji iliyobaki iko kandokando ya barabara tu, nyeusi kama masizi ya sufuria.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua wakati tunasikilizana kwenye simu kila Ijumaa. Ni kwa sababu ninalotaka kukueleza siwezi kulisema kwa mdomo. Nimejaribu Ijumaa mbili, na mara zote nimeishia kukuuliza bei ya nazi. Barua hii nimempa Bi Rukia, jirani yetu wa ghorofa ya chini, anayekuja Tanga kwenye harusi ya binti wa kaka yake. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimpe Kassim wala mtu mwingine. Isome peke yako kwanza. Kuna jambo linazunguka kwenye simu za watu, na kama halijafika hapo mtaani Ngamiani litafika, nami sitaki uonyeshwe na mtu dukani huku anakucheka.

Unaijua kazi yangu, ile ofisi ya kutengeneza matangazo. Mimi si mtengenezaji. Nilikuwa napanga mikutano, napokea wageni, nahakikisha chumba kina kahawa. Miaka minne nimekaa pale, na hata jina langu hawakuweza kulitamka. Walikuwa wananiita Zura.

Mwezi wa kumi na moja bosi wangu, Trevor, aliniita mkutanoni nikae kwenye kiti kama wenzangu. Kulikuwa na kampuni moja ya sabuni ya hapa Toronto, mali ya familia iliyotoka Tanga zamani. Walitaka kuifufua sabuni ya kiwanda cha babu yao na kuiuza kwa vijana wa huku, sasa ikiwa ya maji, kwenye chupa. Trevor akaeleza kwamba vijana hawatazami televisheni wala hawasomi mabango, wanaishi kwenye simu, na huko kwenye simu hawatafuti sabuni, wanatafuta mtu wa kuwachekesha. Kwa hiyo sabuni ilihitaji sura ya mtu. Akawasha picha ukutani.

Ilikuwa wewe, Mama.

Ile picha ya sabuni ya Mama Povu aliyoichora Baba, Mungu amrehemu. Beseni mbele yako, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko, kanga ya maua, na unacheka mpaka mwanya unaonekana. Ukuta ule ni mpana, kwa hiyo ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Niliona hata lile kovu dogo la kwenye kidole gumba, Baba hakuliacha. Nikakumbuka ulivyotusimulia kwamba siku ile hukuwa unamchekea Baba, ulikuwa unamcheka kuku wa jirani aliyeingia kwenye maji ya sabuni akatoka anapiga chafya.

Sikusema, "Huyu ni mama yangu, na aliyemchora ni baba yangu." Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani niliogopa watasema "waaau" kama wanavyosema kwa kila kitu, kisha wageukie kahawa yao. Nilitaka ubaki wangu. Basi laiti ningebaki kimya mpaka mwisho.

Mjukuu wa mwenye kiwanda, msichana anaitwa Sabrina, ndiye aliyeileta ile picha. Alikuwa anaipenda kwa kweli. Alisema nyanya yake alikuwa na kopo lenye picha hiyo jikoni, anahifadhia vifungo. Trevor akaniuliza, "Zura, jina lake lina maana gani?" Nikamwambia Mama Povu ni mama wa povu, hili povu la sabuni. Wakaandika. Halafu mimi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watu wote mezani walikuwa wananitazama, nikaongeza kwamba siku hizi kwetu kutoa povu maana yake ni kuropoka kwa hasira, hasa mtandaoni. Mtu akikasirika kwa jambo dogo, anaambiwa povu linamtoka.

Trevor akaweka kalamu chini. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Akataka mfano. Ndipo nikasimama, Mama, nikaweka mkono kiunoni, nikaitoa sauti yako ile ya asubuhi, tulipokuwa tunatoka kwenda shule na mashati hayajanyooka: "Wewe! Nguo umeivaa, au nguo imekuvaa?" Nikawatafsiria. Wakacheka wakagonga meza. Mmoja alifuta machozi. Trevor alikuwa amenirekodi kwenye simu yake na sikujali. Siku ile nilirudi nyumbani nimefurahi, nikamnunulia Nasra keki. Nakueleza hivyo usije ukadhani niliibiwa. Niliwapa mwenyewe, tena huku nacheka.

Video ya kwanza ilitoka baada ya wiki chache. Nimeapa kukueleza ilivyo, ili ukionyeshwa usishtuke, lakini mkono unaona kinyaa kuiandika. Wameichukua sura yako wakaivimbisha. Makalio wameyafanya kama magunia mawili, na kila anapogeuka yanaangusha vitu mezani. Macho yanazunguka. Mwanya wako wameufanya pango. Na lile povu, Mama, wamelitoa mikononi wakalitia mdomoni. Linamchuruzika mpaka kifuani anapopiga kelele. Anawafuata vijana barabarani, anawanusa makwapa, anawatukana, halafu anawamwagia sabuni. Anazungumza Kiingereza cha ajabu kilichopindwapindwa, sauti ya mtu wa hapa anayedhani Waafrika wote huongea hivyo. Isipokuwa mwishoni. Mwishoni anasema kwa Kiswahili, "Nguo umeivaa, au nguo imekuvaa?" na hapo sauti ni yangu. Ile aliyoirekodi Trevor.

Nilitazama nikiwa mezani kwangu. Nikaenda chooni nikanawa uso, nikanawa na mikono, nikarudi kunawa tena.

Nikamfuata Trevor. Nikamwambia hii si sawa, mwanamke wa kwenye sabuni hakuwa hivi.

"Zura, huyu si mtu," akanijibu. "Ni katuni."

"Alichorwa kutokana na mtu."

"Kila katuni imechorwa kutokana na mtu. Watu wanampenda! Soma maoni yao."

Nikayasoma. Wengine walisema amewakumbusha shangazi zao, sawa. Mwingine aliuliza kama mnyama huyu anafugwa. Mwingine akasema ndiyo maana hawataki kupangisha nyumba kwa watu wa aina yetu. Chini ya maneno hayo yote kampuni yetu ilikuwa imeweka alama za kucheka, kwa sababu kuna mtu analipwa kuziweka. Nilipomwonyesha Trevor akasema hata wanaochukia wanasaidia, mradi wanatazama. Alisema hivyo anakula karoti. Mpaka leo nikisikia mtu anatafuna karoti natoka chumbani.

Nami bado sikusema wewe ni nani. Video ya pili ikatoka, ya tatu, ya nne. Kila asubuhi nilikuwa naingia ofisini, napanga vikombe.

Kilichonizindua kilitokea nyumbani kwangu. Jumamosi moja nilitoka sokoni na mifuko mikononi, nikasikia kelele jikoni. Nasra alikuwa na rafiki yake wa shule, Maya, ameegemeza simu kwenye birika anajirekodi. Alikuwa amejifunga mto nyuma kwa ile kanga uliyomletea alipozaliwa. Mdomoni amejipaka dawa ya meno, inamtiririka kidevuni. Ananyoosha kidole, anapiga kelele kwa kile Kiingereza cha kupinda, halafu kwa Kiswahili safi, maneno yako yale. Mama, mtoto huyu hajawahi kunitamkia sentensi nzima ya Kiswahili bila kuombwa, na siku aliyoitamka, ilikuwa hiyo.

Maya alikuwa ameketi chini kwa kicheko. Aliponiona akanyamaza. Nasra akaendelea, akidhani nitacheka nami.

Nilimwambia Maya aende kwao. Kisha nikafungua sanduku nikatoa picha yako na Baba mkiwa mlangoni kwenye karakana yake, wewe umeshika kopo la rangi, ile uliyonipa siku ya safari. Nikaiweka mezani karibu na simu yake.

"Huyu nani?" nikamuuliza.

"Bibi," akasema.

"Na huyu wa kwenye video?"

Akatazama huku, akatazama huku. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia usoni. Nikamweleza yote: Baba, beseni, kuku, kiwanda. Alikuwa amesimama na mto wake nyuma, dawa ya meno inamkaukia. Akaniuliza kwa Kiingereza chake, taratibu, "Kwa hiyo ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Na sauti ile ni yako?"

"Ni yangu."

"Sasa mbona mimi unanikasirikia?"

Akafungua kanga, akaikunja vizuri, akaingia chumbani akafunga mlango. Baadaye niligundua kwamba video yake ya kwanza alikuwa ameshaitoa siku mbili kabla, hii ilikuwa ya pili, na shule nzima ilikuwa imeiona.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilikwenda kwa Bi Rukia, ambaye anamjua kila mtu aliyewahi kunywa maji ya Tanga, nikamuuliza anakoishi babu yake Sabrina. Akaniambia yuko Thornhill, Mzee Akber, karibu na msikiti wao. Nikapanda treni hadi kituo cha mwisho, nikashika basi, halafu nikatembea kwenye upepo, kwa sababu huko kila mtu ana gari na njia za miguu ni kama zimewekwa kwa bahati mbaya.

Mzee alinifungulia mwenyewe, ana kofia ya sufu na soksi mbilimbili. Nikamwamkia. Akaniuliza, "Wa wapi wewe?"

"Ngamiani, mzee. Mimi mtoto wa Salim mchoraji."

"Salim wa vibao? Yule asiyeshika brashi mpaka anywe chai?"

Mama, nilikaribia kulia mlangoni pale pale. Kiswahili chake kimekaa kama alivyotoka nacho, hakina vumbi hata chembe. Akanikaribisha ndani, akatia chai mwenyewe, akakuulizia kwa jina. Anakumbuka kwamba ulikuwa hutaki picha ile itumike hadi mama yako mzazi aione na kukubali, na kwamba baba yake mwenyewe alikwenda nayo kwenu, imefungwa kwenye gazeti. Hilo hukutusimulia.

Nikamuuliza kama ameiona sabuni mpya. Akafurahi. Akasema wajukuu wamemwambia Mama Povu amerudi na vijana wanampenda sana. Alikuwa hajaona zaidi ya chupa. Nikatoa simu nikamwonyesha.

Hakumaliza hata moja. Akaisukuma simu kwa kiganja. "Toa. Toa kitu hiki mbele yangu." Chai ikamwagika kwenye sahani. "Baba yangu aliomba mwanamke aliyemaliza kufua na amefurahi. Huyu ana kichaa cha mbwa. Nani kafanya hivi?"

"Ofisi yangu," nikasema. "Na mimi nimo."

Nikamweleza na sehemu yangu, sikuficha. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Hakuniambia si kitu, na nilimshukuru kwa hilo. Akampigia Sabrina simu. Walizungumza Kikachi, lugha yao ya Kihindi, sikuelewa neno isipokuwa jina lako, alilitaja mara nyingi.

Siku ya pili Sabrina alikuja ofisini, macho yamemvimba. Akamwambia Trevor video zote ziondolewe, na akamweleza sababu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilitegemea Trevor ataona aibu japo kidogo. Mama, uso wake uliwaka kama mtoto aliyeonyeshwa peremende.

"Subiri kidogo," akasema. "Huyo mwanamke yuko hai?"

Sabrina akanigeukia.

"Zura, mama yako yuko hai, na hukutuambia? Hii ni dhahabu!" Akasimama akaanza kutembea. Watatuma watu wa kamera Tanga. Watakuketisha na beseni lako. Watakuonyesha ile katuni, wakurekodi unavyoitazama. Ukikasirika, vizuri zaidi, utoe povu la kweli! Kisha katuni ikuombe radhi, nawe uikumbatie. Vijana watalia. "Na mama yako atapewa heshima yake," akasema, na ameweka mkono kifuani.

Nimewahi kuona panya aliyeoza ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, wewe ndiye uliyeumwaga. Nilisikia kinyaa kile kile, cha kujua kwamba nilikuwa nimeshayanywa.

Nikamwambia jina langu ni Zuhura. Nikamwambia mama yangu hamchekeshi mtu, na akikasirika ana sababu zake, hazirekodiwi. Sauti yangu niliyompa naitaka irudi. Akasema sauti hairudi, nilisaini karatasi nilipoajiriwa. Basi nikavua kile kitambulisho cha shingoni nikakiweka kwenye sahani yake ya karoti, nikachukua koti. Sabrina alinifuata mpaka kwenye lifti, akanishikia mlango.

Video zimeondolewa. Mzee Akber alikataza hata chupa zisitoke mpaka sura ile ifutwe. Lakini watu walishazinakili, na nakala hizo hakuna anayeweza kuzikusanya. Ndiyo maana nakuandikia. Ukizikuta, ujue zilivyozaliwa, na ujue kwamba ile sauti ya mwisho ni ya mwanao. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi sasa hivi, nitangoja.

Jambo moja zaidi. Niliwakatalia watu wale kukupiga picha, nami sikukuuliza wewe kwanza, na baadaye nikaona kwamba hapo pia nilikuamulia. Uso ni wako. Sabrina anaomba kutumia mchoro wa Baba kama ulivyo, bila kuongezwa wala kupunguzwa, na amesema atakuja mwenyewe Tanga kukuomba, kama baba wa babu yake alivyokwenda kwa bibi. Sikumwahidi kitu. Ukisema hapana, nitampelekea hapana yako na itaishia hapo.

Kuhusu kazi usihangaike, nimepata nyingine, napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno huko North York. Wananiita Zuhura. Niliwafundisha siku ya kwanza.

Nisalimie kaka Kassim na mkewe, mwambie kaka sijasahau dawa zake za pumu, Bi Rukia anazo. Nisalimie shangazi mkubwa, na yule fundi cherehani wa barazani ambaye bado anadai nilimpotezea mkasi. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani naye, kama bado anasikia, mpazie sauti umwambie namkumbuka kwenye dua. Nawe Mungu akuweke, akupunguzie maumivu ya goti, na atukutanishe ungali na nguvu za kunigombeza uso kwa uso.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Zuhura

Nasra ameomba nafasi chini hapa. Sijasahihisha.

Bibi shikamoo. Ni mimi Nasra. Naandika mwenyewe. Mimi nilifanya video ya wewe, mbili, na nilicheka. Sikujua ni wewe. Lakini kama ilikuwa bibi ya mtu mwingine pia ni mbaya, nimefikiri hiyo. Nimefuta. Maya amefuta. Wengine shule hawajafuta, niliwaambia huyu ni bibi yangu na wao walicheka zaidi, kwa hiyo sasa nakula chakula cha mchana na Maya peke yetu. Mama anasema wewe utasoma hii na miwani. Kiswahili yangu si nzuri. Samahani kwa makosa.